Mstari wa Nne

Mama alipotea Ngamiani,
mtaa wa barabara za namba,
ambako hata mgeni wa jana
akijua kuhesabu hapotei.
Alimsimamisha muuza kashata, akamwuliza
ilipo Barabara ya Ishirini na Tisa.
Hakuna, mama, akajibiwa. Zinaisha kabla.
"Basi wameihamisha," akasema, "na nyumba yangu imo."

Binti Shekue, ambaye mashairi yake
yalisomwa harusini kutoka Chumbageni hadi Pongwe,
alituachia ubeti mmoja, nao pungufu:

    Nasuka wangu mkeka, kwa ukindu na ukili,
    Pale unapokatika, nauunga kwa akili,
    Na siku nikiondoka, ulazeni wangu mwili,

Hapo hunyamaza. Hupapasa ukingo wa kitanda
kama atafutaye sindano.
Mstari wa nne haukuja.

Mimi sasa nina hamsini na minane.
Nesi Semkiwa, pale Bombo, kaniambia bila kupamba:
"Sikuahidi kitu. Wapo waliofanya yote na ukawapata.
Lakini mlango ukiwa na makomeo sita,
kwa nini ulale umefunga moja?"

Nikayakumbuka makomeo ya mama.
Vidonge vya presha tulivikuta baada ya arobaini,
vimefundikwa kwenye pindo la kanga,
vikavu, vyeupe, kama meno ya mtoto.
Na masikio yake: tulichoka kupaza sauti,
tukaanza kuzungumza juu ya kichwa chake,
kisha tukahamia chumba kingine.
Tukasema, siku hizi amekuwa mpole.
Alikuwa peke yake.

Siandiki haya ili nijilaumu.
Haya, kidogo, najilaumu.

Basi nimejifunza baiskeli, uzee huu,
kwenye mji ambao mtoto wa miaka saba
hupakia ndoo ya maji na mdogo wake juu.
Mjukuu wangu Hatibu alishika kiti cha nyuma
akaapa hajaachia;
alikuwa ameachia tangu Barabara ya Nne.
Goti la kushoto lina kovu la somo hilo.
Ng'onda nimewaachia paka. Nusu yake, nisiongope.
Presha naiandika ukutani kwa penseli, chini ya kalenda,
na Alhamisi naenda kwa wenzangu tukabishane
vina na mizani, hata asiyejua naye abishe.
Sikio la kulia lina kifaa, rangi ya korosho mbichi;
siku ya kwanza nilisikia bangili zangu mwenyewe,
na jirani akinisengenya kwa ufasaha.
Pesa yangu haikupotea.

Kila alfajiri naanzia Barabara ya Kwanza
nikiutafuta mstari wa nne.
Mmoja niliutupa Barabara ya Saba,
mwingine Kumi na Moja, karibu na mashine ya kusaga:
mizani imetimia, vina vimekaa, moyo haumo.
Jana, kwenye tuta, mnyororo ukachomoka.
Nikainama, mikono grisi hadi kiwikoni,
ukaja wenyewe:

    Nikisahau kusuka, niite jina kamili.

Sijui kama ni wake. Sijui kama utanikinga na lolote.
Nilirudi mbio nimwambie mtu,
nikamkuta binti yangu mlangoni, unga mikononi:
"Mama, hamira iko wapi?"

Hamira. Ndiyo niliyotumwa.

Tulicheka hadi nikashika ukuta.
Kisha kicheko kikaniishia katikati,
nikajaribu, kwa sauti, mbele ya zile tarakimu za penseli:
Mwanakombo binti Shekue, mama yangu.
Mwanatumu binti Mwinjuma, mimi.
Yote mawili yalikuwepo.

Nikaiegemeza baiskeli,
nikaifuata hamira kwa miguu.